Gari Jekundu la Ba Chanda

Jumatatu, 8 Julai 2013

Baridi. Nimefungua kibanda, nimechaji betri za malori. Nimebadilisha balbu za jamaa wa teksi aliyebishana nami hadi akachoka mwenyewe. Kawaida.

Saa nne Yona kaingia. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, niliyembeba mgongoni kule kijijini kwetu Ruanda mama akiwa kuchuma kahawa. Siku hizi ni dereva wa transit, anatoa magari ya Wazambia bandarini Dar na kuyaleta hapa mpakani. Safari hii kaleta gari la spoti. Jekundu, milango miwili, fupi kama mbuzi aliyelala. Wakala anayempa kazi hajawahi kumpa gari la namna hiyo. Watu wametoka madukani kulitazama. Nimeringa utadhani ni langu.

Ila kuna taa inawaka kwenye dashibodi, na usukani umekuwa mzito. Yona anasema jana lilikuwa zima mpaka Mpemba, kituo cha mwisho kabla ya hapa. Limeanza leo.

Jumanne, 9 Julai

Nimeunganisha mashine ya kupimia. Inasema sensa ya usukani, ile inayoliambia gari dereva amekata kona kiasi gani. Mafundi wengi, mashine ikitaja kifaa wanabadilisha kifaa. Mimi siyo wa hivyo. Mashine inanionyesha mlango tu, kuingia ndani ni kazi yangu.

Fundi Osea wa gereji ya jirani kapita, katazama, katikisa kichwa. Gari limegongwa njiani, anasema, likanyooshwa, usukani ukarudishwa vibaya. Kayasema hayo mbele ya wakala. Mdomo wake huo.

Wakala kanuna. Mwenye gari, Ba Chanda wa Ndola, yaani Bwana Chanda kwa Kizambia chao, anavuka Ijumaa kulichukua. Akilikataa, Yona hana kazi. Wakala kasema waziwazi.

Yona kaapa hajaligonga. Nimemtazama machoni. Nilitaka kumwamini. Sikumwamini sana, na nimejichukia kwa hilo.

Mchana nimewasha ili nianze kazi. Taa imezima. Usukani mwepesi. Yona kacheka, eti dada umeshaliponya. Sijagusa kitu. Nimemwambia anyamaze. Ugonjwa unaojiondokea wenyewe unanitisha.

Jumatano, 10 Julai

Asubuhi taa imerudi.

Nimelala chini ya gari, mgongo kwenye vumbi. Chasisi haina alama. Rangi ni ya kiwandani, boliti hazijawahi kuguswa na spana. Halijagongwa. Nimeinuka na vumbi hadi kwenye nyusi, nikaenda moja kwa moja kumwambia Osea. Kasema basi sensa imekufa, agizeni Japani. Japani, na Ijumaa ni keshokutwa.

Mchana nimeipima sensa yenyewe kwa mita. Nzima. Waya, nazo nzima. Nimekaa kula kande, kijiko kikanisimamia mkononi. Nimepima mchana, wakati gari limeshapona. Pumbavu. Kesho napima likiwa linaumwa.

Alhamisi, 11 Julai

Nimefika yadi linakolala gari kabla jua halijapanda. Magari ya transit yamepangwa foleni, yote yana umande kwa nje. Hili jekundu peke yake lina ukungu kwa ndani. Nimefungua mlango, nimepitisha kidole kwenye kioo. Maji. Nimecheka peke yangu, mlinzi kanishangaa.

Maji ndani ya gari, na mvua tumeisahau siku nyingi. Nikakumbuka Mpemba. Madereva wote wa transit husimama Mpemba kuosha gari, mwenyewe asilikute na vumbi la njia nzima. Na magari haya yanakuja na naironi kwenye viti na kwenye kapeti. Dereva haibandui hata afe kwa joto. Mwenye gari anataka kuibandua kwa mkono wake.

Nimeinua naironi upande wa dereva. Juu kukavu kabisa. Chini kapeti limelowa chapachapa, linanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Chini ya kapeti kuna soketi ya waya unaoshuka kutoka kwenye usukani. Pini zimeota kutu ya kijani. Usiku baridi inaweka unyevu kwenye pini, mchana joto linaufukuza. Nimepiga mita hapohapo. Umeme haupiti sawasawa.

Nimekupata.

Yona kafika, nimemwonyesha. Kaligusa kapeti kwa kiganja. Kisha kasema aliliosha mwenyewe, hakuwaamini waoshaji. Alipiga mpira wa maji mpaka ndani, akijua naironi inazuia. Alitaka ling'ae. Nimemwonea huruma na nimetamani kumzaba kofi, yote kwa pamoja.

Kapeti nimelianika juu ya paa la kibanda. Pini nimezisugua, iliyoliwa nimeibadilisha. Nimekausha kila kitu kwa drai ya nywele ya mama wa saluni. Soketi nimeipandisha juu, mbali na sakafu.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi ya baridi kuliko zote wiki hii. Nimewasha. Taa imewaka kidogo kama inavyotakiwa, ikazima. Haikurudi. Usukani nimeuzungusha kwa kidole kimoja.

Ba Chanda kavuka. Mtu mzima, suti, mpole. Cha kwanza kukiona ni kwamba naironi haipo. Uso ukabadilika. Wakala akaanza kumung'unya maneno. Mimi nilishapanga nitasema gari lilikuja na maji tangu melini, nimwokoe mdogo wangu. Yona akanitangulia.

"Ba Chanda, niliosha mimi. Maji yakaingia chini ya naironi, yakaharibu waya. Sijaligonga. Fundi aliyelitengeneza ni dada yangu huyu, muulize."

Mbele ya wakala. Mbele ya Osea. Miaka yote anawaambia wenzake dada yake anachaji betri tu.

Nikasahau uongo wangu. Nimemwonyesha Ba Chanda soketi, nimemwambia alale chini aione chasisi. Kalala kweli, na suti yake. Kisha kalizungusha yadi nzima, kashuka, kanishika mkono kwa mikono miwili. "Natotela, mama," kanishukuru kwa lugha yao. Kamwambia wakala gari lake lijalo alilete kijana huyuhuyu.

Nimerudi kibandani kifua mbele. Najivunia. Naandika tena, najivunia. Najivunia na Yona pia.

Jumatano, 31 Julai

Upepo. Betri za malori.

Yona kaleta gari jingine la Ba Chanda. Nadhani ni jeupe, vumbi limelifunika lote. Madereva wenzake wamemcheka mpaka getini. Kapita Mpemba bila kusimama. Kapangusa kioo cha mbele kwa tambara kavu, basi.

Kanipa funguo. "Fundi, lipime kabla mwenyewe hajaja."

Hakuniita dada.

Nimelipima. Zima. Nimerudi kwenye betri zangu.