Kura ya Mwenyekiti

Louisville, Kentucky

Mdogo wangu Mapendo,

Nakusalimu nikiwa kitandani, karatasi nimeiweka juu ya Biblia. Goti lako linasemaje? Na paa la jikoni, Yakobo alilimaliza kabla ya mvua? Mimi nipo. Moyo umechoka na miguu imevimba. Daktari haongei tena habari za dawa mpya. Siku hizi ananiuliza tu kama nalala vizuri. Nalala. Sina hofu wala huzuni. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini husikii kitu.

Kati ya watoto, Furaha ndiye huniosha akitoka kazini kwenye ghala, kabla hajalala mwenyewe. Bahati bado yuko Columbus, mtaa wa Linden. Zawadi na Amani wako Buffalo, kwenye theluji nyingi kuliko hapa. Hao watatu hupiga simu Jumapili baada ya ibada.

Kabla sijaanguka, nilikuwa nikienda dukani kwa Mkongomani mmoja hapa South End. Wanaume hubishana pale kuhusu muhula wa rais wetu wa Kongo unaokwisha. Mwenye duka akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulifundisha mambo ya katiba. Kiti kikibaki wazi, nani anakaa?"

Nikamwambia: mkuu wa Seneti, kwa muda, mpaka uchaguzi. Nikawaeleza kwamba Seneti tulikuwa nayo tangu uhuru, baba yetu akiifuatilia redioni, kisha utawala uliofuata ukaifuta, nami nikafundisha miaka mingi nchi yenye baraza moja tu. Iliporudi baada ya vita tulikuwa tumeshakimbia. Nikaifundisha kambini Tanzania, kwa watoto ambao hawakuwahi kuiona Uvira.

"Donc, yaani kazi ya huyo mkuu ni kusubiri mwenzake afe?" akasema mwenye duka, na wote wakacheka.

"Ni kusubiri ili watu wasibaki bila mtu," nikasema. Walicheka tena.

Kwenye darasa la uraia, kanisani, nikajifunza ya hapa. Kwetu mkuu wa Seneti huchaguliwa na maseneta wenyewe. Hapa ni makamu wa rais, na hana kura, isipokuwa kura zikilingana. Siku nyingi hata hafiki, na heshima ya kumshikia nafasi hupewa mzee aliyekaa humo muda mrefu. Niliposimulia hayo, Bahati akasema, "Papa, basi huyo ni wewe." Tangu hapo vikao vyetu vya simu vinakwenda hivyo. Mimi nagawa zamu za kusema, wao wanapiga kura, mimi nanyamaza.

Jumapili iliyopita tulijadili maiti yangu.

Bahati alianza. "Papa arudi Uvira. Mama amelala peke yake."

Furaha akamuunga mkono. "Na Shangazi Mapendo amelinda ile nafasi kando ya Mama. Hata mihogo hakupanda pale."

"Na sisi?" Zawadi akauliza. "Mama tulimwacha kule. Nani kati yetu amewahi kurudi kumwona? Wewe Bahati ulirudi?"

"Sina pasipoti."

"Bon, sawa. Na Papa utamwendea na pasipoti gani?"

Amani, ambaye unajua hasemi mengi, akasema, "Azikwe hapa. Nikiendesha gari kutwa, jioni nimefika."

Kwa Zawadi nilisikia wajukuu wakigombana kwa Kiingereza. Furaha, aliyeketi miguuni pangu, akasema, "Mwenyekiti, ni wawili kwa wawili."

Mapendo, nilitafuta ndani yangu ninachokitaka, nikakuta hakuna. Uvira haikunivuta. Louisville haikunivuta. Nikakumbuka tu maneno niliyosema pale dukani, na nikawaona watoto wanne katika miji mitatu, wasio na hata kaburi moja la kukutania.

Nikasema, "Hapa."

Bahati akakata simu. Alipiga tena kesho yake, akaniuliza kama nimekula.

Watakuambia kampuni ya ndege ilikataa, au sheria za huku haziruhusu. Furaha ameshaipanga habari hiyo ili usiumie. Usiiamini. Watoto hawakukunyima kaka yako. Wao walilingana, na kura iliyokunyima ni yangu. Nilitaka ulisikie hili kwangu, nikiwa bado nashika kalamu. Najua mtu anayeandika maneno haya angelia. Mimi silii, na hilo pia unisamehe.

Nisalimie Yakobo, fundi wetu wa paa na shemeji yangu mvumilivu. Nisalimie Mama Riziki, mjane wa kaka yetu, umwambie kitambaa chake cha kichwa Furaha anakivaa kanisani. Mchungaji mzee, aliyenifungisha ndoa, mwambie asiandae mahubiri.

Na ile nafasi kando ya mke wangu usiiache wazi. Siku yako ikifika, lala wewe. Mlikuwa mkipika chungu kimoja na kunisema mimi tangu asubuhi. Hatashangaa kukusikia wewe badala yangu. Asibaki bila mtu.

Kaka yako,
Mwalimu Lukasi