Bi Zuwena, Wanasema Niko Unguja

Bi Zuwena, mke mwenzangu,

Kesho wanao wanakusomea hitma ya mwaka, nyumbani kwa Salim, Qurum. Biriani itapikwa, watu watajaa, na mimi sikualikwa. Mimi niliyeishi nawe umri mzima sikualikwa, kwa sababu niko Unguja. Ndivyo wanavyoambiwa watu. Niko Unguja napumzika, hewa ya kule inayafaa magoti yangu.

Niko Sib, Maskati hii hii, Bi Zuwena. Niko kwenye makazi ya wazee, nina chumba, jiko na kibaraza cha kuanikia nguo.

Ngoja nikueleze vizuri, maana wewe hukupenda mtu aanze habari mkiani. Ulipokufa, nyumba yetu iliuzwa mirathi igawiwe. Hilo silalamikii, ni haki ya kila mtu. Wanao wakaamua nizunguke, mwezi kwa Salim, mwezi kwa Rayya. Hawakuwa na ubaya. "Mama Mdogo, wewe ndiye mama yetu sasa," Salim aliniambia, na najua aliyatoa moyoni. Lakini kwa Salim chumba changu kilikuwa juu, na zile ngazi za marumaru magoti yangu hayaziwezi. Nikishashuka asubuhi, nashinda sebuleni kama mgeni aliyesahau kuondoka. Kwa Rayya wote wanatoka alfajiri, na wajukuu wakirudi wananibusu kichwa, wanaingia vyumbani na simu zao. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Begi langu sikuwahi kulifungua mpaka chini, natoa nguo za juu tu.

Basi nikatafuta mahali mwenyewe. Nilikwenda kuangalia pawili. Pa kwanza pako Qurum, karibu na bahari, pazuri kama hoteli, maua, lifti, na binti wa mapokezi aliyenisemesha kwa kelele utadhani nimo kisimani. Kupika huruhusiwi, chakula unaletewa kwa sinia. Hapa Sib hakuna maua, lakini jiko ni langu na ufunguo ni wangu. Nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza nyumbani kwako, ulivyokuwa ukilifunga jiko na ufunguo ukautia kifuani nisiguse vyungu vyako. Nilikuchukia, wallahi. Sasa nakufahamu. Nikachagua jiko.

Rayya alilia. "Eib, aibu hii, Mama Mdogo! Watu watasema tumekutupa kwa sababu hukutuzaa." Salim hakulia, alifikiri, naye akifikiri ndiyo hatari. "Tutasema umekwenda Unguja kupumzika. Khalas, yameisha." Niliona ni maneno ya kupita, nikawaachia. Wakanibadilishia laini ya simu, watu wasinipate.

Uongo ukanenepa. Wanawake wa kwetu wakaanza kumwambia Rayya kwamba nikirudi niwaletee ubuyu. Unajua alifanya nini? Akaununua dukani hapa hapa Maskati, akautia kwenye vifuko vya karatasi, akaugawa, salamu kutoka kwa Mama Mdogo. Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikakohoa. Ungelikuwepo tungelicheka wiki nzima, na ungelisema ubuyu wenyewe hauna hiliki. Lakini nilicheka peke yangu, na kucheka peke yako chumbani kunatisha.

Hakuna anayekuja, mwenzangu. Nani atamtembelea Sib mtu aliyeko Unguja? Rayya huja, Mungu ambariki, lakini husimamisha gari getini, asije akaonekana na anayemjua, akanipigia simu nitoke kuchukua vitu. Salim hutuma dereva.

Niliyekuwa naye ni Bi Shamsa, jirani yangu wa chumba cha mbele, Mmanga, Mwarabu wa huku, lakini wa Bujumbura. Kiswahili chake cha bara nilikuwa nakitania, naye akinitania changu, siku zinakwenda. Wiki iliyopita amekufa. Wanawe wako nje, walichelewa kufika. Wakaja wanawake wa kuosha, watu wema, wana haraka, hata jina lake waliuliza mlangoni. Niliomba niingie niwasaidie. "Kaa chini, mama, utaanguka," wakaniambia. Nikakaa kwenye kiti nje, nasikia maji yanamwagwa. Walimwosha sawasawa, kama inavyotakiwa. Hakuna aliyelia mle ndani.

Tangu siku ile sina raha. Wewe nilikuosha mimi. Rayya alimimina maji, nami nikapitisha mkono taratibu kwenye ule mguu uliokuwa ukikuuma, kama vile ungeweza bado kunikemea. Tuliahidiana tulipokaa eda ya bwana wetu, wajane wawili chumba kimoja, wewe unataka feni, mimi naona baridi. Tukasema atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Juu ya atakayebaki hatukusema neno. Wajinga wawili sisi.

Nikifa hapa watasema nini? Kwamba nimefia Unguja? Watanizika kimya kimya, niswaliwe na watu wawili watatu, isije ikajulikana? Naogopa, Bi Zuwena. Kufa kwenyewe siogopi, nimechoka mno. Naogopa kuoshwa na watu wasionijua, na watu wangu wako mwendo mfupi wa gari, wanamumunya ubuyu wangu.

Jana Rayya alinipigia simu kuniambia habari ya hitma. "Wewe msomee Mama huko huko, Mama Mdogo. Thawabu zinafika." Nikamwitikia inshallah. Kisha nikakata, nikatafuta teksi ya kesho, baada ya adhuhuri. Abaya nimeshaipiga pasi.

Nisamehe. Najua wanao watainamisha vichwa, na Rayya ana moyo mwepesi, utamwona ananywea. Nimemlea, aibu yake inaniuma kuliko yangu. Lakini nitaingia mlango wa wanawake, nitatoa salamu, nitachukua juzuu kama wenzangu. Wakiniuliza nimerudi lini, nitawaambia sijakwenda popote, nakaa Sib, njooni tunywe chai. Na dua ikisha, nitamwomba Rayya mbele yao wote: siku yangu ikifika, uje unioshe wewe, mwanangu. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Nitakuwa nimeomba.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, mwenzangu. Juzuu yako sitaisoma huku chumbani nimejifungia, nitakusomea kati ya watu, na sauti yangu utaijua. Mungu alitie nuru kaburi lako na akulaze bila maumivu ya ule mguu. Kwa heri, Bi Zuwena. Nakwenda nikaonekane ningali hai.

Mwenzako,
Asya