Salfa ya Rhobi

Jumanne, 4 Machi
...na si nilikuwa nasema mbuzi zangu zina upele? Leo nimepika dawa. Vile mama alinifundisha: yeyusha salfa kwanza, mchanga ibaki chini, ndio uchanganye na mafuta ya samaki, ile mbuta. Ikayeyuka vizuri. Ya njano, nyepesi kama maji. Halafu jirani yangu Mama Apiyo akanisimamisha kwa ua na story ya bibi ya pasta. Ningeachaje? Kurudi jikoni, wuololo! Imekuwa nyekundu, inaenda nyeusi, nzito, hata mwiko haizunguki. Nimekohoa mpaka machozi. Nikaitupa yote kwa choo ikiwa moto. Rhobi, yule Mkuria wa dawa ya mifugo hapa soko ya Magunga, ameniuzia lami.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeambia kwaya. Nimeambia wamama wanauza samaki ya omena. Nimeambia hata mtu wa kusaga unga kwa posho mill. Si uongo, niliona na macho yangu. Kila mtu alitaka nikae karibu naye. Raha sana.

Jumapili, 9 Machi
Soko. Kwa Rhobi hakuna mtu. Mzee mmoja alimwaga salfa yake kwa mtaro. "Enda uuzie watu wenu hiyo lami!" Watu wakacheka. Hata mimi. Rhobi aliinama. Aliokota ile ilibaki na kijiko. Jioni ugali imenishinda kula.

Jumatatu, 10 Machi
Rhobi amekuja kwangu na sufuria. Nikajua ni vita.
"Mama Achieng, keti. Nimesikia uliiacha kwa moto. Leo hakuna kwenda kwa ua."
Akaweka salfa kwa moto. Njano, nyepesi. Moto ikazidi. Ikakuwa nyekundu, nyeusi, nzito. Hakuongeza kitu, macho yangu ilikuwa kwa mikono yake. Akaitoa kwa moto. Tukangoja. Ikalegea pole pole. Ikarudi njano, inamwagika kama maji. Hiyo hiyo moja.
"Ni moto tu," akasema. Akaenda.
Mimi sikungoja ipoe. Mjinga mimi.

Jumatano, 12 Machi
Nimezunguka na sufuria nyumba kwa nyumba, napikia watu salfa waone. Wengine hawafungui mlango. Mama Apiyo amenicheka: "Huyo Mkuria amekulisha nini?" Soko nzima wananiamini nikiharibu. Nikitengeneza, hapana.

Ijumaa, 14 Machi
Rhobi anarudi Migori kwa dadake. Nimekuja kumsaidia kufunga mzigo. Hakunifukuza. Hakuniongelesha. Nimeshona magunia mbili, sasa nimekaa kwa mlango, naandika kwa goti. Pole nimesema mara tatu. Meza yake ameacha nje, hakuna mtu ameitaka. Gari imefika. Nilikuwa nataka kumwambia—
"Mama Achieng! Acha hiyo kitabu, shika huku!" Ni Rhobi.