Laini Tatu na Mbuzi Waliorudi Tala

Kisiwani,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Tata yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe baba yangu, na mama yangu mwaitu, na wote walioamka salama hapo Kathiani. Mguu unaendeleaje? Nimesikia umeanza tena kupanda ule mlima kwenda kuangalia mahindi, nikasema huyu mzee hasikii la daktari wala la mke wake. Maharagwe mmeyatoa shambani ama mvua iliyapata nje? Na ng'ombe, bado anampiga teke kila anayemkamua isipokuwa mwaitu?

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafundisha. Lakini ungeniona sasa hivi ungesema kuna mtu amemkanyaga huyu msichana. Nimekasirika tangu Jumamosi ile, Tata, na hasira yenyewe haina pa kwenda, maana utaukasirikia vipi mnara wa simu?

Ujumbe wa kitinda mimba wako Mutua ulinifikia wakati yeye mwenyewe alikuwa ameshasahau ameutuma. Anasema watu wa mchumba wangu Kioko wanarudi kutoka Tala Jumamosi ijayo na mbuzi wao wa ntheo, wale wa ndoa, na wazee wamekubali nijibu kwa barua, bora iwe ni mwandiko wangu na wewe uisome mbele ya watu. Nashukuru sana. Jibu liko humu ndani. Lakini usilirukie, tafadhali. Kwanza nisikize, kwa sababu kwa simu sijasikizwa.

Unakumbuka vile nilipoambiwa nimepostiwa kisiwani kila mtu alikuwa na ushauri. Mwaitu alitaka nibebe mahindi ya muthokoi, yaliyokobolewa, ya mwaka mzima. Baba mkubwa alitaka nijifunze kuogelea, yeye ambaye akivuka mto anashikwa mkono. Mimi swali langu lilikuwa moja tu: huko nitatumia laini gani? Nilijua nikikosa simu nimekosa nyumbani. Nikauliza kule Tala, nikauliza Machakos, na siku ya kuvuka ziwa nikauliza msichana anayeuza laini pale mjini kabla ya boti. Akaniapia kwamba laini yangu ya zamani inashika kila mahali. Ningempata leo ningemuuliza hiyo kila mahali yake iko wapi.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilishuka kwa boti, nikatoa simu kuwaambia nimefika, na simu ikawa baridi kama jiwe. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaitoa laini, nikaipangusa na leso, nikairudisha. Watu wananiangalia tu. Mama Awino, ambaye ndiye ananikodishia nyumba na anauzia walimu chai na chapati, ndiye alinihurumia. Akaniambia, "Mwalimu, hapa hatuulizi laini gani ni nzuri. Tunauliza unataka kusimama wapi."

Nilidhani ni utani. Sio utani. Ile laini ambayo nyinyi wote mko nayo hapo nyumbani inashika juu ya kilima nyuma ya shule, kwenye mwamba mmoja, na ukisogea kutafuta kivuli umeipoteza. Wenyeji wanaiita laini ya mlimani. Laini ya pili inashika gatini, pale boti zinapofika, lakini hapo kuna kelele za injini na kila mtu anasikia shida zako. Hiyo ni ya gatini. Na ya tatu inashika vizuri kabisa ndani ya nyumba yangu, kitandani, jikoni, hata chooni. Shida yake ni kwamba ni ya nchi jirani. Niko ndani ya Kenya, nimejifunika blanketi langu la kutoka Machakos, na simu inanikaribisha ugenini na kunitakia safari njema! Ukipiga nyumbani dakika moja, salio limekwisha kabla hujamaliza kusalimia. Na wewe unajua salamu zetu.

Ndiyo maana niko na laini tatu. Sio madaha. Asubuhi nikitaka kujua kama mwalimu mkuu ameitisha mkutano, natumia ya kitandani. Jioni nikitaka kumsikia mwaitu, napanda mlima na tochi. Wikendi nikitaka kuongea na Kioko bila haraka, nashuka gatini nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimejaribu kuchagua moja, Tata, haki ya Mungu nimejaribu. Nikichagua moja, kuna mtu nimempoteza.

Sasa tuje kwa siku yenyewe. Mwalimu mkuu alininyima ruhusa kwa sababu ya mitihani, hilo mlilijua, na ndipo wewe ukasema nitaulizwa kwa simu, kwa maana kwetu mbuzi wa ntheo hachinjwi kabla msichana mwenyewe hajaulizwa mbele ya watu, na mbuzi akishachinjwa na kuliwa, msichana huyo ni mke wa watu, hakuna cha kurudi nyuma. Basi nikachagua laini ya mlimani, ile ile yako, nikaona hiyo haiwezi kuniaibisha. Nilivaa lile gauni la kitenge alilonishonea mwaitu. Nikavaa na hereni. Mama Awino akaniuliza ni nani ataniona kwa simu, nikamwambia nyamaza, leo naolewa. Akafunga biashara yake, akachukua mwavuli, tukapanda wote.

Ulipopiga nilikuwa nimesimama tayari. Nikasikia sauti yako ikisema sasa naweka kwa spika. Nikasikia vigelegele, nikasikia na mbuzi. Kisha Baba mkubwa akasafisha koo, akaniuliza kama hawa watu nawajua na kama mbuzi wao wapokewe. Nikajibu. Nilijibu vizuri, kwa heshima, kama tulivyofundishwa. Nikasema nawajua, wapokeeni.

Akasema, halo?

Nikajibu tena kwa nguvu. Akauliza mara ya pili, akauliza ya tatu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga kelele kama mtu anayefukuza nyani shambani. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kikamba. Mama Awino akaninyang'anya simu akapaza sauti kwa Kijaluo, sijui alifikiri hiyo ndiyo itafika. Sauti yangu ilikauka. Na huko kwenu nikasikia mtu akisema msichana amenyamaza, na msichana akinyamaza amekataa.

Nilipoona hivyo nikakimbia mpaka gatini na hereni zangu. Simu yako ikawa imezimika, najua ni ile betri. Ya Kioko iliita mpaka ikachoka. Nikapigia Baba mkubwa kwa laini ya nchi jirani, akaona namba ya kigeni, akakata. Nikapiga tena, akapokea, akaniambia wakora waache kusumbua wazee, akakata. Mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo! Niliketi pale chini nikacheka, halafu sikujua ni saa ngapi kicheko kiligeuka kilio.

Hayo mnayajua, au mnayajua nusu. Sasa nikwambie msilolijua, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kabla sijakimbia gatini, niliwasikia.

Simu haikukatika, Tata. Ilikuwa inaleta tu, haipeleki. Mama Awino anasema laini ya mlimani ikiwa na kiburi hufanya hivyo. Mliiacha mezani, mkadhani imekufa, na mimi nilikuwa nimeibana kwa sikio naogopa hata kupumua nisije nikaipoteza. Nilisikia kila neno.

Nilimsikia shangazi yake Kioko. Alisema msichana mwenye laini tatu ni msichana wa mabwana watatu, na kwamba amewahi kupigiwa na mimi kwa namba tatu tofauti katika wiki moja. Akauliza huyo kijana wao wa Tala ni bwana wa jioni ama wa asubuhi. Kuna watu walicheka. Mwaitu hakucheka, nilimsikia akivuta kiti akitoka.

Halafu nikakusikia wewe. Sijui kama unakumbuka ulichosema. Ulisema, "Huyu binti yangu hajawahi kukataa kitu kwa kunyamaza. Angekuwa amekataa, mngemsikia kutoka huko ziwani bila simu." Tata, nimekuwa mbali na wewe karibu mwaka mzima, lakini siku hiyo nilikuwa nimesimama karibu na wewe kabisa. Asante. Nililia hapo hapo kwa mwamba na wala sikuona haya.

Baba mkubwa naye ni mtu wa haki, hata akiogopa namba za kigeni. Alimgeukia Kioko mwenyewe. Akamwambia, "Kijana, wewe ndiye unaongea na yeye. Hizi laini tatu unazijua? Tuambie." Mimi huku juu nikapumua. Nikajua sasa imekwisha, Kioko atasema.

Na hapa ndipo nataka unisikize vizuri. Laini ya gatini sikuinunua mimi. Aliinunua Kioko. Aliponisindikiza mpaka boti, yule msichana aliponiapia mambo ya kila mahali, Kioko hakumwamini. Ni mtu wa duka la vifaa vya ujenzi, anajua wauzaji. Akanunua laini nyingine, akanisajilia pale pale, akaiweka kwa simu yangu kwa mkono wake, akasema itafunguka kesho yake, na ikikataa ile ya zamani utanipata kwa hii. Ya nchi jirani pia tulikubaliana wote wawili, kwa dharura. Kwa hivyo alikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Hata fupi. Angesema, hiyo ya pili nilimnunulia mimi.

Akakohoa. Hicho kikohozi chake nakijua. Kisha hakusema kitu. Nilisikia mbuzi, nilisikia kuku wa mwaitu, nilisikia mtu akiweka kikombe chini. Baba mkubwa akamuuliza tena. Shangazi akajibu kwa niaba yake kwamba kijana wao ana adabu, hawezi kuongea mbele ya wazee. Halafu mbuzi wakapakiwa kwa pikapu, wakarudi Tala.

Sikukata tamaa siku hiyo. Nilijiambia, labda aliogopa, watu walikuwa wengi. Kesho yake nikashuka gatini nikampigia, na akapokea. Nikamuuliza kwa upole, na wewe unajua upole sio kipaji changu. Akasema hakutaka kumwaibisha shangazi yake mbele ya wakwe. Nikamuuliza, na mimi? Akasema si nichague tu laini moja yaishe, watu waache kuongea. Nikamwambia niko tayari kuzitupa zote ziwani akinijibu kwa nini hakusema neno. Akaniambia netiwaki ni mbaya, hanisikii vizuri.

Nilikuwa namsikia kama yuko kwa ndoo ya pili hapo kando yangu. Nilisikia mpaka mizani ya misumari ikilia kule dukani kwake. Na yeye alikuwa ananisikia, Tata, kwa sababu kabla hajakata alishusha pumzi.

Sitakudanganya kwamba nimemchukia. Nampenda bado, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi kuliko minara yote ya kisiwa hiki. Najua pia nina umri gani, na najua mwaitu ameshawaambia akina mama wa kanisa, na sufuria za kuazima zilikuwa zimeshapatikana. Mwambie naomba anisamehe. Lakini mimi nilikuwa juu ya mlima napiga kelele mpaka sauti ikaisha, na hakuna aliyenisikia. Yeye alikuwa ameketi katikati ya watu, kila mtu ameelekeza sikio kwake, na akachagua kunyamaza. Siku nyingine itakuwa ni mtoto mgonjwa, ama ni shamba, ama ni shangazi huyo huyo ndani ya nyumba yangu. Siwezi kuishi na mtu ambaye nitakuwa nikimngojea aongee.

Barua hii naipa mwalimu mkuu anayeenda Nairobi kesho. Ataiweka kwa gari la vifurushi la Machakos, na Mutua aende kuichukua asubuhi mapema, asijipitishe kwa marafiki. Nisalimie mwaitu, umwambie gauni lake limesifiwa na kisiwa kizima. Msalimie nyanya, na akiuliza kama nimeolewa mpe ugoro azungumze mengine. Msalimie Baba mkubwa na umwambie yule mkora aliyempigia alikuwa ni mimi. Wasalimie shangazi zangu wote na mchungaji, na umpe pole jirani yetu aliyetuazima viti, amevibeba bure.

Jumamosi wakifika, wapeni chai, wapeni na chakula, wasiseme tuliwafukuza. Usiruhusu mtu akusaidie kusoma, hata Mutua. Simama wewe, uwaambie Mwende anasema hapana, mbuzi wasishushwe kwa pikapu. Ukimaliza, mwangalie Kioko, umsomee tena polepole, na umuulize kama amesikia.

Mimi binti yako,
Mwende