Nyumba ya Mzee Shimba, Butimba

Mirongo, Mwanza,
9 Novemba 1994

Kaka yangu mpendwa Rugemalira,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Specioza na watoto, na kwamba mvua zimewafikia huko Muleba, maana huku zimeanza kwa fujo. Mimi afya ninayo, ila usingizi umenipungua. Naituma kwa mkono wa Antoni anayepanda meli kesho, kwa sababu posta itachelewa, na wewe umesema utakuja mwisho wa mwezi na kiinua mgongo chote ulicholipwa shirika lilipokupunguza kazini.

Uliniomba ushauri kwa kuwa mimi ni karani wa dalali wa nyumba. Nitakueleza ninayoyaona hapa kwa bosi wangu, Mzee Chenge. Tangu biashara zifunguliwe, kila aliyepunguzwa kazi anataka nyumba ya kupangisha, na wengi wananunua kwa macho. Wakiona bati jipya wanalipa. Usitoe hata kishika uchumba kabla hujakwenda mwenyewe ofisi ya ardhi kuona hati ina jina la nani. Nyumba itazame mvua ikinyesha; hapa Mwanza maji yanashuka kutoka kwenye mawe, nayo yanaijua njia yao kuliko fundi yeyote. Usipige hesabu ya kodi ya mwaka mzima, kwa maana ipo miezi nyumba hukaa tupu, na usimalize fedha yote kwenye kununua, kesho choo kitajaa. Zaidi ya yote, mtafute mpangaji aliyehama, umuulize kwa nini alihama. Hilo la mwisho mimi sikulifanya mapema kwa ile nyumba niliyokusifia.

Iko Butimba, chini ya mawe, karibu na ziwa. Walimu wa chuo wanatafuta vyumba kila mara, ndiyo maana nilikuandikia kwamba hiyo ni mali. Hati ni safi na kuta hazina ufa. Ilikuwa ya marehemu Mzee Shimba, karani mstaafu wa mahakama, na watoto wake walioko Dar es Salaam wanataka iuzwe haraka. Enzi zake alikuwa akishinda kibarazani, na kila aliyepita kwenda ziwani alimwamkia. Alikwishazikwa, lakini watu hawajaacha. Nimeona kwa macho yangu mwanamke mwenye ndoo kichwani akifika mbele ya kibaraza kitupu, akapiga goti, akaamkia, akangoja kidogo, kisha akaendelea na safari. Nilipomwuliza Mzee Chenge alicheka, akasema Wasukuma wana adabu, na majirani wenye adabu wanapandisha bei.

Nikamtafuta mwalimu Obiero, aliyehama kabla kodi yake haijaisha. Nilidhani atalalamikia maji au wezi. Alisema nyumba haina tatizo, hata panya hakuna. Halafu akakoroga chai yake iliyokwisha kupoa, akasema, "Mdogo wangu, kuamkia si neno. Mimi nilichoka kusikia wakijibiwa."

Ningekuandikia siku hiyohiyo. Badala yake nilijiambia kwamba mimi nimesoma. Wiki iliyopita nilikwenda kumsubiri mteja pale, nikakaa kwenye kiti kilichoachwa kibarazani. Ilikuwa mchana mweupe. Magugu maji yalikuwa yamefunika ufuo wote, hata sauti ya wimbi haikusikika. Akapita Bibi Teodora, jirani mkongwe, na ndoo ya maji. Akapiga goti, akaamkia. Hakuna kilichojibu, naye hakuinuka. Hakunitazama, alitazama chini, maji yakimchuruzika shingoni. Kaka, unajua tulivyolelewa. Mtu wa umri wa bibi yetu alikuwa amepiga goti mbele yangu na mzigo kichwani. Nilitaka tu ainuke. Nikasema marahaba.

Aliinuka. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo umekawia kujibu, mzee." Akaenda zake.

Hilo ndilo nililoogopa kukuambia. Tangu siku hiyo wauza samaki wenye mvi wananiamkia njiani. Mzee Chenge mwenyewe aliniamkia alipoingia ofisini, akaushika mdomo wake kama aliyeung'ata, na safari hii hakucheka. Nami huwa nimekwisha kuitikia kabla sijafikiri. Majirani wamemletea habari kwamba nyumba imepata mtu. Sasa anataka nihamie huko mpaka ulete fedha, kisha nibaki kuwa mwangalizi wako. Funguo ameniwekea mezani. Ukiinunua, kaka, nitaingia humo, na sidhani kama nitatoka.

Jana nilipokea barua yako. Neno lako la kwanza ni Shikamoo. Wewe uliyenibeba mgongoni, uliyenilipia ada mpaka nikamaliza shule. Nilitafuta dalili ya utani sikuiona, na mwandiko ni wako. Chumbani nilikuwa peke yangu. Nilisikia marahaba, na sina hakika kama ilitoka kwangu.

Usije na fedha. Tafuta kiwanja huko huko, hata kidogo, ujenge chumba kimoja kimoja, kati ya watu wanaokujua. Msalimie sana shemeji, na uwaambie watoto bado nawakumbuka kwa majina. Antoni anarudi Jumapili; mpe jibu, hata liwe la mstari mmoja. Niandikie tu, "Hujambo, Jovinary." Sihitaji habari nyingine. Sitagusa funguo mpaka nilisome jibu lako. Na kama ukishika kalamu ukaona mkono wako unakataa kuandika hivyo, basi usiandike kitu, wala usije kunitafuta.

Ni mimi mdogo wako,

Jovinary