Panya Namba Saba Anawaka

Jumatatu, 9 Juni

Wamewaka! Wiki tatu tangu tuwanyweshe bakteria wenye jeni ya mwanga, na leo kamera imewaona. Panya sita, na kila tumbo lina doa lake la buluu. Mkuu wa maabara, mtu wa kununa asubuhi mpaka jioni, hata yeye kacheka.

Kisha nikamtia namba saba kwenye kisanduku cha giza. Huyu tulimpa maji matupu. Hatakiwi kuwa na hata chembe ya mwanga.

Naye anawaka. Sitaki kufikiria.

Jumanne, 10 Juni

Mkuu anasema vizimba vimechanganywa wakati wa kusafisha. Panya hula mavi ya wenzao, hilo hapa kila mtu analijua. Mlaze mmoja na wenzake siku mbili tu, bakteria wameshahamia kwake. Na nani anasafisha vizimba? Baba Pacha. Basi, kesi imekwisha.

Nilikuwa nimesimama pale pale.

Jumatano, 11 Juni

Ni mimi. Niandike basi, hapa hasomi mtu.

Jumamosi panya wa maji matupu aliyelala kizimba kimoja na namba saba alikufa. Namba saba akabaki peke yake, kajikunja pembeni, anatetemeka. Nikamhurumia — nikamtia kwa wale sita apate joto, Jumatatu alfajiri nikamrudisha. Miaka mitano nasomea utumbo, nikasahau wanakula nini!

Mama kapiga simu. Anauliza panya wangu wanapata wapi umeme na kwake umekatika. Nikacheka kwa mdomo tu.

Alhamisi, 12 Juni

Baba Pacha kanikuta kwenye sinki. Anasema, dada, unanijua, mimi nasafisha kizimba kimoja kimoja. Nisemee kwa Mkuu. Mkataba wake unaisha mwezi huu, na Mkuu keshasema hauongezwi.

Nikamwambia nitaangalia. Nitaangalia nini? Nikisema ukweli, kazi yote inaanza upya, na shahada yangu ndiyo basi tena. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu keshafika, kakaa sebuleni.

Ijumaa, 13 Juni

Saa nne. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu, naandikia magotini. Baba Pacha yuko ndani, mlango uko wazi kidogo. Mkuu anasema akikiri kwa maandishi, atapewa angalau barua nzuri ya kuombea kazi kwingine.

Namsikia Baba Pacha sasa. Labda nilipitiwa, mkubwa — labda.

Hakupitiwa. Mtu yule hajawahi kupitiwa.

Mkuu anamwonyesha pa kutia sahihi. Anapapasa mifuko, hana kalamu. Mkuu anachungulia mlangoni, ananiuliza mimi kama ninayo.

Ninayo. Ndiyo hii