Nonie Amekwenda Kasrini na Mdogo Wangu

Kilcorran
Alhamisi, 25 Februari 1988

Mdogo wangu Colman,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye matope. Natumaini mlifika salama na kifua chako hakijaanza ule mlio wake wa zumari. Mimi mzima, goti tu linanisema kila nikipanda ngazi. Ng'ombe wako wazima pia, ila yule mwekundu ananitazama kama mgeni wa hoteli aliyeletewa supu ya jana.

Jana niliwaona mkipanda basi. Sikuwa nachungulia, nilikuwa nafuta kioo cha dirisha. Umevaa koti langu la kanisani, ambalo sikukuazima. Halafu nikaona umembebea Nonie sanduku, wewe ambaye hujanyanyua hata ndoo ya viazi tangu Krismasi kwa ajili ya mgongo. Huo mgongo umepona lini?

Sina wivu. Jirani yetu, mjane wa watu, akishinda bahati nasibu ya parokia, siku kumi za watu wawili kwenye hoteli ya kasri la Dunmarra, ana haki ya kwenda na amtakaye. Na alituuliza sote wawili, mezani kwetu, hilo sikatai. Mimi nikasema nitalala Dunmarra siku watakaponiletea kasri hapa mlangoni kwa mkokoteni. Ulikuwa mzaha, Colman. Mtu mwenye adabu angengoja niumalize. Wewe ukadakia, "Mimi nitakwenda," mdomo umejaa mkate.

Kumbuka tu kwamba marehemu baba alikuwa akifukuza ndege kwenye vichaka vya kasri hilo ili mabwana wapige bunduki, na chakula chake alikila nje mvuani, amesimama. Ukikalia viti vyao, vikalie kwa uzito.

Niandikie mnakula nini. Na vyumba ni viwili kweli? Padri anauliza.

Kaka yako,
Bartley

*

Dunmarra
Ijumaa, 26 Februari

Kaka Bartley,

Barua yako imeniwahi wakati wa chai. Imeletwa juu ya sahani ya fedha, bahasha ina doa la jamu, na kijana mwenye glavu nyeupe akainama kama ameniletea habari za mfalme. Mimi sijambo, kifua kimetulia. Pole na goti. Yule mwekundu msemeshe kwa upole kabla ya kumkamua, hapendi kuamrishwa.

Vyumba ni viwili, na ukuta wa katikati ni mnene, unaweza kumficha farasi humo ndani. Mwambie padri. Kitanda changu kina nguzo nne na mapazia pande zote. Nilipoamka siku ya kwanza nilidhani nimekufa na mnangoja tu kunizika. Beseni la kuogea lina miguu ya simba. Asubuhi wanakuuliza unataka yai la namna gani. Nilisema la kuku. Nonie alicheka mpaka akatafuta leso.

Baba nimemkumbuka. Kuna kichwa cha paa ukutani kinachofanana naye kabisa, hasa machoni. Lakini viti, kaka, nisikufiche, ni vizuri.

Jana baada ya chakula alikuja mpiga fidla, watu wakasogeza meza. Nonie akanivuta mkono. Mara ya mwisho mimi kucheza ilikuwa harusi ya binamu Attracta, lakini miguu ilikumbuka yenyewe. Tulicheza mizunguko mitatu. Anakusalimu sana. Anasema ungefurahi hapa, kuna watu wengi wa kuwakejeli.

Mdogo wako,
Colman

*

Kilcorran
Jumamosi, 27 Februari

Colman,

Nimeipata yako. Natumaini u mzima, ingawa mtu anayecheza mizunguko mitatu hahitaji kuombewa afya. Mimi si mzima. Nimekula viazi baridi nikisoma habari za mayai.

Sasa nisikilize, na uichome barua hii kwenye moja ya yale meko thelathini waliyonayo huko.

Jumatatu ni tarehe ishirini na tisa. Unajua siku hiyo ni ya nini hapa kwetu. Mara moja kila miaka minne mwanamke ana ruhusa ya kumposa mwanamume, na mwanamume akikataa anamnunulia gauni kama faini. Jambo usilolijua ni kwamba mwaka themanini na nne Nonie aliniposa mimi. Tulikuwa zizini kwake, ameshika kopo la maziwa, mume wake ana miaka mitatu kaburini. Akasema, "Bartley, unaonaje wewe na mimi?" Nikacheka. Sijui kwa nini, Colman. Nikiogopa nacheka, ulinisikia kwenye mazishi ya mama. Nikamwambia naona nafuu ninunue gauni. Nikanunua, la kijani. Hajalivaa hata siku moja.

Tangu hapo nangoja. Kalenda ya mwaka huu nilipoipata kwa mwenye duka, nilifungua Februari kwanza. Nilikuwa nimeshaamua, safari hii akiuliza ninasema ndiyo kabla hajafika mwisho wa sentensi. Halafu anashinda bahati nasibu ya laana, na Jumatatu yangu imekwenda kasrini na wewe ndani ya koti langu.

Kwa hiyo Jumatatu ugua. Kohoa, unajua kukohoa. Usicheze. Na ikitokea akakuuliza wewe, sema hapana. Sijawahi kukuomba kitu, isipokuwa baiskeli, na hukunipa.

Kaka yako,
Bartley

*

Dunmarra
Jumanne, 1 Machi

Kaka Bartley,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi mzima wa mwili.

Yako niliipata jana asubuhi. Sikukohoa, kwa sababu sijui kumdanganya yule mama. Baada ya chakula cha jioni tulikaa kwenye chumba cha vitabu, mvua inapiga madirisha. Akaweka kikombe chini, akasema, "Colman Geraghty, mimi nina miaka sitini na mbili na miguu yangu ni baridi. Utanioa?"

Nikasema hapana.

Hakupiga kelele. Akauliza, "Ni Bartley?" Nikakoroga kikombe kitupu. Akasema, "Nimekuuliza wewe. Sikumuuliza yeye." Akaenda kulala. Leo asubuhi ameondoka na basi la kwanza, sanduku lake kalibeba mwenyewe. Mimi nimebaki mpaka Jumamosi kama tulivyopangiwa, maana sina uso wa kupanda basi moja naye. Wahudumu wananiletea keki bila kuniuliza. Wanajua kila kitu.

Sasa nikwambie na mimi langu. Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka tangu anivute mkono siku ile, na labda tangu zamani, lakini wewe ndiye uliyekuwa unakaa karibu naye kanisani, nikaona mahali pamekaliwa. Kumbe ulikuwa umekaa tu.

Miaka minne, kaka. Siku ile moja ni ya wanawake. Siku nyingine zote zilikuwa zako. Ungemuuliza Jumanne yoyote, ungemuuliza sokoni, ungemuuliza wakati wa kuchimba viazi. Ulikuwa unamngoja mwanamke uliyemcheka aje aulize tena kwa tarehe. Sijawahi kusikia ujinga wa namna hiyo, na nimeishi na wewe miaka sitini na sita.

Yuko nyumbani kwake. Njia imekwisha safishwa. Nenda.

Usinishukuru.

Mdogo wako,
Colman

*

Kilcorran
Alhamisi, 3 Machi

Mdogo wangu Colman,

Natumaini kifua chako kiko salama. Sababu ya kuuliza utaiona chini.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikutukana, mara ya pili nikanyoa ndevu. Jana saa nane mchana, siku isiyo na jina lolote, nikaenda kwa Nonie. Alikuwa anapanga kuni. Nikavua kofia na nikamuuliza, bila kucheka. Nataka ujue hilo, sikucheka.

Akasema, "Mmeandikiana barua, ninyi wawili? Mmoja ananikabidhi na mwingine anakuja kupokea? Mimi si ndama, Bartley, wa kupitishwa juu ya ukuta."

Nikasema ndiyo tumeandikiana, na kosa ni langu, nilikuamuru ukatae. Kuni zikamponyoka. Akakaa juu ya gogo. Nikadhani sasa atanipiga. Badala yake akauliza, "Dawa yake ya kifua aliichukua? Ilikuwa kwenye dirisha la bafu la hoteli. Niliondoka kwa hasira, sikumkumbusha."

Nikamwambia sijui. Akauliza kama chumba chako wanakiwashia moto asubuhi, au jioni tu kama chake. Akauliza kama utakula vizuri peke yako na wale watu wa glavu. Nilikuwa nimesimama pale mvuani, goti limevimba, nimejinyoa mpaka kidevu kinatoka damu, na yule mwanamke hakuniuliza hata kwa nini nachechemea. Miaka minne nimekaa karibu naye kanisani, Colman, na hajui mguu wangu mbovu ni upi.

Nikamwambia, "Nonie, jibu langu nimelipata." Akasema, "Pole, Bartley." Akanipa chai. Ilikuwa nyepesi.

Nakuonea wivu mpaka meno yanauma. Naona wivu kwa kitanda, kwa mayai, kwa mizunguko mitatu, na zaidi ya yote kwa chupa ya dawa iliyosahauliwa dirishani. Sitakutakia heri leo, labda mwezi wa tano.

Lakini usingoje Jumamosi. Acha keki. Kesho kuna basi la saa tatu asubuhi linalosimama kwenye geti la Nonie, nimemuuliza dereva, na barua hii nampa yeye akufikishie leo hii jioni. Shuka hapo, usipitie nyumbani kwanza, maana nitakuzuia. Kesho ni Ijumaa, haina ruhusa ya mtu yeyote. Muulize mwenyewe.

Koti baki nalo, yeye ameshalizoea.

Kaka yako,
Bartley